Baridi ya Wakubwa

Mgeni yule hakupiga honi. Alisukuma lango la garaji kwa bega, akaingia ameshika kofia mkononi, na nyuma yake, kwenye vumbi la barabara, nikaona jeep nyeupe yenye vioo vyeusi ikiunguruma. Mwezi ule hakuna mtu aliyeleta gari kwa fundi mjini Bunia. Magari yalikuwa yameporwa, au yamefichwa, au yamevushwa mpakani zamani. Nikasimama na ufunguo wa magurudumu mkononi, nikajiweka kati yake na mlango wa depo, stoo ya nyuma.

"Usiogope, mama," akasema. "Jina yangu Katsuva. Mimi ni shofeli tu. Natafuta mekanisie."

"Mimi ndiye."

Akatazama nyuma yangu akitafuta mwanamume. Hakumwona. Akatazama ovaroli yangu, akakubali.

"Gari iko na nini?" nikauliza.

"Klimatizeri. Baridi iko, lakini haipulize."

Nikacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. "Papa, soko limeungua. Watu wanalala mu kanisa, wengine ku uwanja wa ndege chini ya maturubai. Na weye unazunguka mu mji kutafuta baridi?"

"Cheka tu. Hata bibi yangu angecheka."

"Bunia haina hata joto! Fungua dirisha, upepo wa Mungu utaingia bure."

"Ile njo sitaki," akasema. "Kufungua dirisha."

Akaketi juu ya tairi bila kukaribishwa, akanieleza. Bwana wake, mfanyabiashara wa dhahabu aitwaye Étienne, alikimbia kwa ndege kwenda Butembo na kuliacha gari chini ya mparachichi katika ua wa jirani. Sasa alikuwa amemtuma Katsuva alilete kwa barabara ya Boga. Juzi alijaribu. Akafika kwenye barieri ya kutokea mjini, ule mti waliolaza juu ya madumu, na vijana wenye mapanga na bunduki wakamzunguka.

"Unajua namna wanajua gari ya mukubwa?" akaniuliza.

"Kwa vioo vyeusi."

"Vioo vyeusi kila mwizi iko navyo. Ni baridi, mama. Komanda hafungui dirisha. Anafungua upana wa kidole moja tu, na baridi inatoka inakupiga mu uso, puu! kama umefungua frigo. Kijana mmoja alisimamisha gari namna ile, akaambia wenye gari washuke. Alipigwa mpaka akalazwa. Kutoka siku ile wanaogopa baridi kuliko bunduki. Mu Bunia nani anahitaji klim? Ni mukubwa peke yake."

"Na wewe ulifungua kidole kimoja."

"Nilifungua. Ikatoka pumzi kama ya muzee wa kifua kikuu. Wakacheka mpaka wakakaa chini. 'Mukubwa gani huyu anapumua kama mugonjwa?' Wakanishusha. Wakaniambia nisalimie kwa luga yao. Mimi ni Munande, sijui luga yao, lakini hawana shida na siye Wanande mwezi huu. Wakachukua tairi ya spea, wakanirudisha. Wakasema nikirudia, gari inabaki."

Alikuwa anazungumza juu ya gari, lakini mimi nilikuwa nimeacha kusikia habari za gari. Nilikuwa nasikiliza mlango wa depo mgongoni mwangu, na kimya kilichokuwa nyuma yake.

Nyuma ya mlango ule, kati ya tairi za zamani, alilala Madame Rebecca. Alinifundisha fizikia katika shule ya ufundi, mimi msichana peke yangu darasani, na siku wavulana walipouliza kwa nini nisiende kusomea ushonaji, aliwaandikia ubaoni hesabu ambayo mimi peke yangu niliiweza, akaendelea na somo. Alikuwa wa kabila ambalo mwezi ule halikutakiwa upande wetu wa mji. Nyumba yake ilichomwa. Alikuja kwangu bila viatu. Tangu hapo alikuwa akilala chali kwenye depo, maana dirisha dogo la depo linatazama barabara na mtu akisimama anaonekana. Kwenye barieri wangemwambia asalimie kwa lugha yao, na sauti yake ingemwua.

"Nitaitengeneza," nikamwambia Katsuva. "Sitaki malipo. Lakini utabeba mtu mpaka Boga."

Akazungusha kofia mikononi. "Mutu ya wapi?"

Nikageuka, nikautazama mlango wa depo.

"Aah," akasema polepole. "Ya kule."

"Ya kule."

"Mama, unataka baniue?"

"Wewe mwenyewe umesema. Baridi ikipuliza, hawaangalii ndani. Isipopuliza, watakunyang'anya gari hata ukiwa peke yako. Basi unahitaji ipulize, na mimi nahitaji ipulize. Siye wawili tuko na shida moja."

Halafu akapumua kama mtu aliyeshindwa katika mchezo wa karata. "Sawa. Lakini atalala chini, nyuma kule. Niko na mifuko ya pumba. Tutamufunika."

Mlango wa depo ukafunguka.

"Sitalala," akasema Madame Rebecca.

Alisimama kizingitini, nywele zimejaa vumbi la mpira, mkono mmoja umeshika fremu kwa sababu miguu ilikuwa imesahau kusimama. Lakini sauti ilikuwa ileile ya darasani.

"Mama mwalimu," Katsuva akaanza, akiwa ameshasimama bila kujua kwa nini, "njo kwa ajili ya maisha yako..."

"Nimelala kati ya tairi kama paka. Nimekula nimelala, nimeomba Mungu nimelala. Mji huu niliufundisha nimesimama. Nikiutoka, nitatoka nimekaa kwenye kiti, kama mtu. Wakitaka kuniua, wataniua nimekaa."

"Na mimi je?" Katsuva akasema. "Mimi wataniua nikishika usukani!"

"Utakaa, Madame," nikasema. "Nakuahidi. Sitakulaza chini tena."

Akanitazama vile alivyokuwa akitazama daftari lenye jibu lisilo na njia ya kulifikia. "Élise. Unaahidi kitu ambacho bado hujakipima. Pima kwanza."

Basi tukaingiza jeep ndani, tukafunga lango, nikapima.

Nikawasha injini na klimatizeri, nikaweka kiganja mbele ya matundu ya hewa, moja baada ya lingine. Hewa ilikuwa baridi, ya kutosha kabisa, lakini ilitoka kwa unyonge. Nikageuza swichi ya feni toka hatua ya chini hadi ya juu. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Nikasikiliza: feni ilikuwa inazunguka, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu anayevuta mguu.

"Gesi imeisha," Katsuva akasema. "Kila mekanisie anasema gesi."

"Gesi ikiisha, hewa inatoka kwa nguvu lakini ya moto. Hapa ni kinyume. Baridi iko ndani, haina mtu wa kuitoa."

Nikafungua kisanduku cha mbele ya abiria, nikakishusha, nikafikia chujio la hewa. Halikutoka. Nilipolivuta kwa nguvu lilitoka kama tofali. Vumbi la Ituri lilikuwa limeganda juu yake, na juu ya vumbi, majani makavu ya mparachichi, na juu ya majani, kiota cha panya kilichofumwa kwa sponji ya godoro la mtu.

"Mungu wangu," Katsuva akasema. "Kumbe tulikuwa tunasafiri na familia nzima."

Nikalipiga chujio kwenye ukuta, nikalipuliza kwa pampu ya baiskeli, nikachomoa majani yote kwa koleo. Tukawasha. Hewa ikaongezeka. Katsuva akaanza kupiga makofi, lakini Madame, aliyekuwa ameketi kwenye kibao karibu na ukuta ili asionekane barabarani, akatikisa kichwa.

"Feni inazunguka kwa nguvu yake yote?"

"Hapana, Madame."

"Basi bado hujajibu swali."

Nikaichomoa feni. Nikaizungusha kwa kidole, ikaenda laini, bila kukwaruza. Haikuwa na ubovu. Nikachukua taa ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili ambayo baba aliniachia. Nikaigusisha kwenye betri, ikawaka nyeupe. Nikairudisha feni kwenye waya wake, nikawasha swichi hadi mwisho, nikagusisha balbu pale umeme unapoingia kwenye feni. Ikawaka nyekundu kama kijinga cha moto kinachokaribia kuzimika.

"Umeme unapotea njiani," nikasema.

"Umeme unapoteaje?" Katsuva akauliza. "Iko na miguu?"

Nikaufuata waya kwa vidole, taratibu, nikitafuta joto. Ulikuwa wa kawaida, wa kawaida, wa kawaida, halafu nikarudisha mkono ghafla. Palikuwa na plagi ya plastiki, mahali nyaya mbili zinapokutana kabla ya feni. Plastiki ilikuwa imeyeyuka na kuwa kahawia kama sukari iliyoungua, na chuma cha ndani kilikuwa cheusi. Umeme ulikuwa unalazimika kupenya kwenye masizi yale, na nguvu iliyobaki pale ilikuwa inageuka moto.

Nikamwonyesha Katsuva. Akaitazama plagi, akaelewa kabla sijamaliza.

"Njo barieri yake!" akasema. "Umeme unatoka ku betri na mali yote, unafika hapa wanaupora, unaingia mu feni uchi!"

Madame Rebecca akacheka. Aliweka kiganja mdomoni mara moja, kwa mazoea ya kule depo, kisha akakiondoa, akacheka tena.

Plagi nyingine haikuwapo. Maduka ya spea yalikuwa yamefagiliwa mpaka misumari. Nikaikata ile mbovu, nikakwangua nyaya mpaka shaba ikang'aa, nikazisokota moja kwa moja pamoja. Ilifaa nizilehemu, lakini waporaji walikuwa wamebeba risasi yangu ya kulehemu wakidhani ni fedha. Nikafunga kiungo kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, nikakaza kwa meno.

Tukawasha. Kofia ya Katsuva ikaruka kutoka kwenye kiti na kuangukia nyuma.

"Ni komanda!" akapiga kelele kwa kunong'ona. "Ni jenerali!"

Nikageuza matundu yote ya upande wa dereva yaelekee kwenye dirisha lake. Halafu Katsuva akanigeukia, uso umerudi kuwa wa mtu mzima. "Ile kiungo. Barabara iko na mashimo. Ikikatika, nani ataitengeneza?"

Nilijua angeuliza. Nikaenda kubadili ovaroli ili nisafiri nao.

Tuliondoka jua likiwa katikati. Madame Rebecca alivaa gauni la Jumapili la mama yangu na kilemba cha kitenge kirefu kuliko vyote nyumbani. Aliketi nyuma katikati ya kiti, mikono juu ya mapaja. Mimi nilikaa mbele upande wa abiria, mbele ya pengo la kile kisanduku ambacho sikukirudisha, mkoba magotini, kiungo changu kikining'inia karibu na goti langu. Ndani ya gari palikuwa na baridi mpaka mikono ilisisimka. Nje watu walipita na magodoro vichwani, na hakuna aliyeangalia gari letu zaidi ya mara moja. Wakubwa hawaangaliwi.

Kabla ya barieri kulikuwa na foleni: wanawake wa muhogo, baiskeli, lori ambalo dereva wake alikuwa akibishana. Tukasimama. Tulikuwa tumepita mashimo mabaya pale karibu na mto, na sasa nikasikia kitu ambacho Katsuva alikisikia pia. Feni ilishusha sauti. Ikaanza kuvuta mguu.

Nikainama. Kiungo kilikuwa kimelegea. Ukanda wa mpira ulikuwa umeanza kunuka.

"Mama," Katsuva akasema bila kufungua midomo. "Mwambie alale. Mifuko iko. Sasa hivi, kabla watuone."

Nikamtazama Madame kwenye kioo. Alikuwa ameshasikia feni, na alijua kuliko sisi wote maana yake. Nikaona mkono wake mmoja ukishika kiti cha mbele, na mabega yake yakianza kushuka. Hakuwa anashuka kwa ajili yake. Alikuwa anashuka ili sisi wawili tusife kwa sababu ya neno lake.

Hilo ndilo sikuweza kulivumilia. Wangeweza kuwa na bunduki zote za mji, na barabara zote, na mti wao juu ya madumu, lakini sikuona ni kwa haki gani wapate pia mgongo wa mwalimu wangu.

"Kaa, Madame," nikasema.

"Élise..."

"Kaa. Nimeshapima."

Nikaingiza mkono wa kulia chini ya mkoba, nikaupata ukanda wa mpira, nikauvua. Nikazishika zile nyaya mbili za shaba kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, nikazibana.

Umeme wa gari haumrushi mtu. Joto ndilo linalouma. Mwanzoni lilikuwa kama kikombe cha chai. Halafu kama sufuria. Feni ikapanda sauti, ikapanda, ikafika juu kabisa, na hewa ikanipiga usoni ya barafu huku mkono wangu ukiwa jikoni.

Lori likapita. Tukafika sisi.

Kijana aliyekuja alikuwa amevaa miwani ya jua yenye karatasi ya bei bado imebandikwa pembeni, na bunduki begani. Akagonga kioo kwa pete. Katsuva akashusha dirisha kidole kimoja.

Puu.

Kijana akarudi hatua nyuma. Miwani yake ikaingia ukungu papo hapo, ikawa nyeupe kama macho ya kuku aliyechemshwa. Akaivua haraka, akaifuta kwa shati.

"Pardon, chef," akasema kwa pengo la dirisha. "Pardon. Ni kazi tu." Kisha, akiwa anafuta, macho yake yakanifikia mimi, akakunja uso. "Chef, ule wa mbele. Mbona anatoka jasho na baridi yote hii?"

Kweli jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye kidevu. Nilikuwa nimeuma meno. Nilisikia harufu ya ngozi, nikaomba asiisikie.

"Malaria," Katsuva akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa na watoto. "Tunamupeleka kwa dakitari."

"Oo. Pole, mama."

Niliinamisha kichwa. Sikuweza kufungua mdomo. Ningefungua, ungetoka ukelele.

"Na kule nyuma?" Akainama, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua, akasogeza uso kwenye pengo. "Kule nyuma ni nani?"

Nilimwona Katsuva akitafuta jibu.

Na hapo, kutoka kwenye giza la vioo vyeusi, ndani ya baridi ile, ikatoka sauti ambayo shule nzima ya ufundi iliijua, kwa Kifaransa cha ubaoni, kila neno likiwa limepigwa pasi:

"Tenez-vous droit, jeune homme!"

Mgongo wa kijana ulinyooka kabla akili yake haijafika. Visigino vikagongana. Mikono ikashuka pembeni, miwani ikaanguka kwenye vumbi. Hakuna aliyewahi kumwambia asimame wima ila mwalimu au mkubwa, na mwili wake haukujua tofauti.

"Ndiyo, mama mukubwa! Pardon, mama mukubwa!" Akageuka kwa wenzake. "Fungueni! Mumelala? Fungueni, ni bakubwa!"

Mti ukainuliwa.

Tukapita polepole, vile wakubwa wanavyopita. "Achia," Katsuva akasema mara moja. "Achia, tumepita." Lakini barabara pale imenyooka, na kwenye kioo cha pembeni niliwaona bado wamesimama wakitutazama, na dirisha lilikuwa bado wazi kidole kimoja. Nilibana mpaka kona ya mikaratusi ilipowameza.

Kisha nikaachia. Au nilijaribu. Vidole havikutaka kufunguka. Katsuva alisimamisha gari, akavifungua kimoja kimoja, akipuliza kama mtu anayepuliza uji wa mtoto, na kusema maneno ya Kinande ambayo nadhani yalikuwa matusi kwa serikali zote tulizowahi kuwa nazo.

Ngozi ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imebaki kwenye shaba. Vilipona baadaye, lakini vikakakamaa, na mpaka leo kidole gumba cha kulia hakihisi kama boliti imekaza au bado. Nimejifunza kukaza kwa mkono wa kushoto. Wateja wapya hudhani nilizaliwa hivyo.

Madame Rebecca alichana upindo wa kilemba, akanifunga mkono. Alifunga vizuri sana, akakagua fundo mara mbili. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi.

"Ulisema umepima," akasema mwishoni.

"Nilipima, Madame."

"Ulipima nini?"

Hakungoja jibu. Akarudi kwenye kiti chake. Katsuva akawasha gari. Hakukuwa na barieri nyingine mpaka Boga, na feni haikuwa na mtu wa kuishika, basi Madame akabonyeza kitufe, akashusha dirisha lake mpaka chini kabisa. Joto la mchana likaingia, na vumbi, na harufu ya majani yaliyonyeshewa.

Niligeuza kioo kidogo kwa mkono wa kushoto ili nimwone. Alikuwa amekaa katikati ya kiti, mgongo wima, macho mbele, kilemba kilichochanika kikipepea dirishani ambapo mtu yeyote angeweza kukiona.